Anapenda Ukoko

Mchungaji huyu ataniua kabla ya siku zangu. Jana kanifuata nyumbani nachambua maharage, kakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, kaniambia, "Bibi, kesho ni Jumapili ya akina mama. Tupe mfano mmoja juu ya kuweka akiba nyumbani." Nikamwambia kanisa lina walimu, lina wahasibu, lina yule kijana anayekuja na mashine ya kutupa picha ukutani. Mimi nimeishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nilikuwa nikiondoka saa nne kwenda kufukuza ndege shambani. Akacheka. Akasema, "Bibi, hao wakisema watu wanasinzia. Wewe ukisema hakuna anayesinzia." Kwa hiyo nimeletwa hapa kuwaamsha, kama jogoo. Haya. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana sitarudia.

Wengi wenu akiba yenu iko kwenye simu. Mnabonyeza, imeingia. Mnabonyeza, imetoka. Zamani akiba ilionekana kwa macho, na nyingine ilinuka. Ukiingia nyumba ya watu unajua mara moja kama mama wa pale ana akili au hana. Kiberiti kilichomekwa juu kwenye kenchi na hakikuguswa ovyo, kwa sababu kabla ya kulala kaa moja kubwa lilizikwa ndani ya jivu, na alfajiri ukilifukua liko hai, linakutazama. Kuni ikishachemsha ilivutwa nje, ikazimwa kwa mchanga, ikangoja kesho. Kipande cha sabuni kikikonda hakitupwi, kinabandikwa mgongoni mwa kipande kipya, vinaendelea pamoja. Na kanga! Kanga ilianza ikiwa ya kutokea, ikachakaa ikawa ya kulalia, ikachakaa tena ikambeba mtoto, ikachanika ikawa nepi, mwisho ikashikia sufuria za moto, na kilichobaki kikasokotwa utambi wa koroboi. Kanga ile iliingia nyumbani ikiwa nguo na ikaondoka ikiwa mwanga. Nani kati yenu leo ana nguo iliyofanya kazi kiasi hicho? Mnazitoa dukani, msimu haujaisha mnafutia pikipiki.

Sisemi enzi zile zilikuwa nzuri. Zilikuwa ngumu, na miguu yangu inazikumbuka kila ikinyesha mvua. Lakini zilikuwa na harufu yake. Harufu ya wali unaoiva taratibu, makaa yamepangwa juu ya kifuniko, watoto wamejipanga mlangoni kama kuku. Hiyo sijaisikia tena.

Basi. Kulikuwa na mtu mmoja na mkewe, katika bonde la mpunga. Jina lake sitawapa, kwa sababu mkishapewa jina mtaacha kusikiliza mwanze kutafuta jamaa zake. Mkewe alikuwa akimwita Baba Tumpe, kwa binti yao mkubwa, na sisi tumwite hivyo hivyo.

Baba Tumpe alikuwa mtu wa kujivuna, siyo mtu mbaya. Kuna tofauti, ingawa mkilala njaa kwa sababu yake hamtaiona. Haya niliyowaeleza ya kaa na kanga yote yalifanyika nyumbani kwake, na yeye alikuwa akiyasimulia barazani kana kwamba ndiye aliyeyabuni. "Nyumba yangu," angewaambia wageni, "haipotezi hata punje." Wageni wanatikisa vichwa. Chakula kinaletwa. Sinia lake na wageni linatangulia, lina wali mweupe umekaa kama kilima. Bakuli la watoto linafuata. Halafu kutoka jikoni inasikika kijiko kikikwangua sufuria, kwaru, kwaru, kwaru.

"Mama anapenda ukoko," watoto walisema.

Na Baba Tumpe aliwaambia wageni wake, huku akimega tonge, "Mimi nina bahati na mke. Wali laini hautaki kabisa. Mpe ukoko tu, ameshiba." Wageni wakacheka, naye akacheka, na jikoni kijiko kikaendelea.

Mjue pia kwamba enzi hizo mwanamume haingii jikoni. Kukutwa umeinua kifuniko cha sufuria ilikuwa aibu kuliko kukutwa uchi mtoni. Kwa hiyo Baba Tumpe alikuwa akila katika nyumba yake mwenyewe miaka na miaka bila kujua chakula kinagawanywaje. Alijua kinavyofika. Kinavyotoka hakujua.

Tumpe akaposwa, akaolewa ng'ambo ya mto. Siku wageni wa harusi walipotawanyika, mama yake aliuchukua mtungi wa maji uliokuwa umemeguka mdomo, ambao mtu mwingine angeutupa. Akauosha, akauanika juani, akauweka pembeni jikoni, nyuma ya kinu. Jioni ile alipopima mchele wa kupika kwa kopo, kabla hajauosha, alitumbukiza mkono, akachota konzi moja, akaidondosha mtungini. Jioni ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo.

"Unafanya nini?" Baba Tumpe alimuuliza siku moja kutoka nje, alipomwona kupitia mlangoni.

"Mzazi wangu atakula nini?"

"Mzazi gani?"

"Tumpe atapata mimba. Mimba ya kwanza mtu anajifungulia kwa mama yake. Na kwa bahati zangu mimi, atajifungua masika, ghala zimefagiliwa, mchele huuoni hata wa dawa. Nimpe nini apate maziwa? Nimpe hadithi?"

Baba Tumpe akacheka, akaenda zake barazani. Alipenda mke mwenye mipango. Wageni wa siku ile alipata la kuwasimulia.

Kwa hiyo mtungi ukawa unapanda. Konzi ya mchele mweupe, konzi ya mchele mwekundu wa shamba la bondeni, konzi ya chenga siku za shida, na juu yake majani makavu ya mwarobaini kuzuia wadudu. Mwaka ukaenda ukarudi. Mchele ukafika shingoni mwa mtungi. Na Tumpe, kama mama yake alivyosema, akaleta habari kwamba ana mimba changa.

Hapo ndipo Sikukuu ya Mavuno ilipokaribia.

Mpunga wa Baba Tumpe mwaka ule ulikuwa wa aibu. Ndege waliushukia wakati yeye yuko kwenye vikao, kwa sababu alikuwa ameanza kupenda vikao. Nafasi ya mzee wa kanisa ilikuwa wazi, na Baba Tumpe alikuwa ameshajiona amekaa kwenye benchi la mbele, amevaa koti. Kwenye kikao cha kutangaza matoleo, mmoja alisema ataleta mkungu wa ndizi. Mwingine akasema jogoo. Baba Tumpe akasimama, akakohoa, akasema, "Mimi naleta debe zima la mchele."

Kikao kikapiga makofi. Alipokaa chini ndipo alipokumbuka kwamba hana mchele.

Mnacheka. Ninyi mlioahidi mabati ya kanisa mwaka jana mkiwa mmesimama hapa hapa, mnacheka nini?

Jumamosi mkewe alienda mtoni kufua. Baba Tumpe akatazama huku na huku, akainama, akaingia jikoni. Moshi ukamchoma macho, maana hayakuwa na mazoea. Akaona mtungi. Akaondoa kifuniko, na mchele ukamtazama. Alisimama pale muda mrefu akiongea na nafsi yake, na nafsi ya mtu anayetaka kitu haibishi sana. Mchele wa nyumba yangu ni wangu, alisema. Mpunga nimelima mimi. Tena siuli, namtolea Mungu. Na masika ni mbali, nitakuwa nimeshaurudisha.

Akaumimina ndani ya debe, likajaa. Mtungi ukabaki mtupu, unamwangalia. Hapo akapata akili ambayo heri angeikosa: kando ya kinu kulikuwa na rundo la pumba. Akazizoa kwa mikono miwili, akajaza mtungi mpaka karibu na shingo. Akarudisha mchele kidogo juu, akausawazisha kwa kiganja, akapanga na majani ya mwarobaini kama alivyoyakuta. Ukitazama juu, hakuna kilichotokea.

Jioni mkewe akamshika shati.

"Baba Tumpe, masizi haya begani umeyatoa wapi?"

"Nimemsaidia mtu kubeba mkaa."

"Wewe? Mkaa?"

"Kwani mimi sina mabega?"

"Unayo. Ndiyo maana nashangaa yametumika."

Na kuhusu debe alimwambia amepewa na rafiki yake wa ng'ambo. Mkewe akauliza ni rafiki gani anayegawa debe la mchele kama anagawa maji. Akajibiwa hayo ni mambo ya wanaume. Akatafuta kitambaa chake cheupe kile kizuri, akampa afunikie.

Jumapili Baba Tumpe aliingia kanisani debe liko kichwani, kitambaa cheupe kinaning'inia pembeni, ngoma zinapigwa, kwaya imesimama. Makofi yale! Mchungaji wa wakati ule akainua mikono juu, akasema hivi ndivyo nyumba ya baraka inavyotoa. Na katikati ya makofi, kutoka upande wa akina mama, kikapanda kigelegele kimoja kirefu kuliko vyote. Baba Tumpe alikijua. Kilikuwa cha mkewe. Kikamchoma kidogo hapa, chini ya titi, kama mwiba. Halafu makofi yakakifunika.

Fikirini hapo. Mwanamke anashangilia mchele wake mwenyewe unaondoka.

Baada ya ibada vitu vikapigwa mnada nje, na debe lile likanunuliwa na mama jirani mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua njia panda. Baba Tumpe akashikwa mikono na watu wengi. Akaambiwa jina lake litasomwa Pasaka, awe mzee wa kanisa.

Kuanzia siku ile akapata ugonjwa ambao hakuutaja kwa mtu. Kila jioni ya wali, nazo mwaka ule zilikuwa za kuhesabu, akiwa amekaa barazani alisikia kitu ambacho maisha yake yote hakuwahi kukisikia: konzi ya mchele ikidondoka mtungini. Shaa. Kidogo tu, kama mtu anayemwambia mtoto anyamaze. Wageni wanazungumza, yeye anasubiri ile shaa. Ikipita, anaweza kula. Alijiambia atarudisha mchele mwezi ujao. Mwezi ujao ukafika, naye alikuwa na kikao.

Masika yakaingia, mvua ya kumwagwa kwa ndoo. Tumpe akaletwa na mumewe, tumbo limemtangulia. Haukupita muda akajifungua mtoto wa kiume mwenye sauti ya tarumbeta. Mchele bondeni ulikuwa umekwisha. Akina mama walijikusanya waende kufanya kibarua vijiji vya juu, walipwe chakula. Wakampitia Mama Tumpe.

"Twende, mwenzetu, tusije tukachelewa."

"Nendeni salama," alisema. "Mimi nina mtungi wangu."

Alisema kwa sauti, mlangoni, ili na majirani wasikie. Mwacheni. Alikuwa ameilipia sauti hiyo.

Uji wa siku za kwanza ulitoka kwenye ule mchele wa juu. Mwepesi, una pilipili manga, Tumpe anakunywa jasho linamtoka, maziwa yanakuja. Halafu Jumapili moja asubuhi mama akaingiza kopo mtungini, na kopo likatoka jepesi.

Baba Tumpe alikuwa barazani anapiga viatu vyake rangi aende ibada ya pili. Mkewe akatoka jikoni, akamwekea kopo mbele ya miguu.

"Baba Tumpe, hiki ni nini?"

"Pumba."

"Nimezitoa wapi?"

Akatazama kiatu. "Labda panya."

"Panya."

"Panya wa mwaka huu wamezidi."

"Panya wale mchele, wabebe pumba, wajaze mtungi, wasawazishe mchele juu, wamalizie na majani ya mwarobaini. Panya hao wa kwenu wamesoma shule gani?"

Ndani mtoto akaanza kulia, ule mlio wa mtoto anayenyonya titi lisilo na kitu. Baba Tumpe akasimama. Mtu akibanwa huchukua sauti kubwa kuliko zote alizonazo.

"Mchele ulikuwa wa nyumba hii! Nimeulima mimi, na nimempa Mungu! Sasa unataka niende nikamnyang'anye Mungu?"

Aliyejibu ni Tumpe, kutoka chumbani, sauti haina nguvu.

"Baba, ule mchele haukuwa wa nyumba. Ulikuwa wa mama."

"Kuna tofauti gani?"

"Baba. Sahani ya mama umewahi kuiona?"

Baba Tumpe akafungua mdomo ajibu swali jepesi namna hiyo. Akatafuta. Akaliona sinia lake, lenye ua jekundu katikati. Akaliona bakuli la watoto, lile la bati lililobonyea. Akatafuta sahani ya mkewe miaka yote ile, siku za sikukuu, siku za kawaida, na alichopata ni kijiko kinakwangua sufuria.

"Lakini," akasema, na sauti kubwa ilikuwa imekwisha, "mama yako anapenda ukoko."

Mkewe akacheka. Siyo kicheko mnachokijua.

"Nani kakwambia?"

"Watoto. Wewe mwenyewe."

"Niliwaambia watoto, wasije wakanibakishia matonge yao. Wewe nilidhani ni mtu mzima."

Mmeelewa? Konzi ikitolewa kwenye kopo, kinachobaki hakitoshi wote. Anapungua mmoja. Sinia la baba halikupungua. Bakuli la watoto halikupungua. Mtungi ule ulijazwa na mtu mmoja, jioni kwa jioni, kutoka kwenye sahani ambayo haikuwekwa.

Baba Tumpe akashuka barazani akiwa na kiatu kimoja kimepakwa rangi na kingine hakijapakwa. Akaenda mpaka njia panda kwa mama wa vitumbua, na njiani alikuwa akipanga atakavyosema. Hakuhitaji. Mama yule alipomwona tu akaweka chini kijiti cha kugeuzia vitumbua.

"Umechelewa," alisema. "Nilidhani ungekuja kabla ya Krismasi."

Akaingia ndani, akatoka analisukuma debe kwa mguu. Limejaa vile vile, na kitambaa cheupe juu.

"Hukuupika?" Baba Tumpe akauliza.

"Nilimwaga kidogo kwenye ungo siku ile ile nichambue. Naona mweupe, naona mwekundu, naona chenga, na jani la mwarobaini limejificha humo. Mchele wa shamba moja hauwi hivyo. Ule ni wa konzi, na kila mwanamke wa bonde hili anajua Mama Tumpe anamwekea nani konzi. Nitwange uji wa mzazi nikaange vitumbua? Halafu nimwombe Mungu kwa mikono ipi?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Mtu amepigiwa makofi na kanisa zima. Ningesema mimi muuza vitumbua, mngesema nina wivu." Akafuta mikono kwenye kanga. "Chukua. Mkivuna mtanirudishia mwingine, mzuri, wa shamba moja."

Baba Tumpe akashukuru mpaka akakaribia kupiga magoti. Halafu akatazama barabarani, akashusha sauti.

"Dada yangu, nipitie hapa nyuma, kwenye migomba."

"Migomba ipi?"

"Hii. Ibada ya kwanza inatoka sasa hivi."

"Naona inatoka," alisema mama wa vitumbua. "Siku unaupeleka ulipita wapi?"

"Barabarani."

"Ulikuwa umeubeba wapi?"

"Kichwani."

"Basi mchele huu unajua njia moja tu."

Akaubeba. Mvua ilikuwa manyunyu, njia ni tope, na watu walikuwa wanatoka kanisani na nguo zao nzuri wameshikilia pindo. Wakasimama pembeni kumpisha.

"Baba Tumpe! Mavuno tena? Masika haya?"

"Hapana."

"Unapeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa nani?"

Angeweza kunyamaza. Miguu yake ilitaka kukimbia na tope halikuiruhusu.

"Kwa mwenyewe," akasema.

Watoto wa kwaya, kwa mazoea ya kuliona debe lile kichwani pale, wakaanza kupiga makofi. Akawaambia, "Msipige, wanangu." Wakaacha. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko barabara. Jina lake lilikuwa lisomwe Pasaka ileile, na yeye mwenyewe alikwenda kwa mchungaji, kabla jioni haijaingia, kuomba lifutwe.

Uji ukapikwa. Maziwa yakarudi. Mtoto yule akanyonya kama ndama.

Sasa nyie hapa mnangoja niwaambie mume alilipa nini, maana wote mnapenda kusikia mtu akilipa, mradi siyo ninyi. Subirini kidogo. Kwanza tuongee sisi.

Siku ile nani alipiga makofi? Shetani? Ni kanisa. Ni sisi. Tuliona debe, tuliona kitambaa cheupe, hatukuuliza mchele huu nani kala ukoko ili ujae. Na leo mchungaji kaniita niwahimize muweke akiba nyumbani ili mabati yapatikane. Nahimiza. Loweka maharage usiku, yakupunguzie mkaa. Zima taa ya chumba usichokaa. Zikeni makaa, bandikeni sabuni, mwacheni mtoto avae kaptula ya kaka yake, haitamuua, sisi haikutuua. Lakini usiniambie "nyumbani kwetu tunabana matumizi" kabla hujanieleza anayebanwa ni nani. Ninyi wanaume mliokaa upande ule, msinitazame kama mnatazama saa. Mkeo anapenda kipande gani cha kuku? Shingo? Nani kakwambia? Na ninyi vijana mliosomeshwa mkamaliza, mnaposema mama yangu hapendi safari, mama yangu hapendi nguo mpya, mama yangu chai ya rangi inamtosha, mlimuuliza lini? Na ninyi akina mama wenzangu, msijipige vifua hapo, nanyi mmewadanganya watoto. Mmewafundisha kwamba kuna mtu ameumbwa na Mungu kwa ajili ya ukoko. Watakua, wataoa, watamtafuta mwingine wa namna hiyo.

Akiba inayotoka kwenye sahani ya mtu mmoja ina jina la mtu huyo. Ukiileta hapa mbele, taja na jina lake. Mungu anamjua tayari. Wasiomjua ni sisi.

Haya. Mlitaka malipo.

Tumpe alikuwa na wadogo zake wa kike, nao wangezaa siku moja, kwa hiyo mtungi ule uliosukutuliwa pumba ulianza upya. Mpunga mpya ulipovunwa, jioni ya kwanza Mama Tumpe akapima mchele kwa kopo, akatoa konzi yake, shaa, akapika, akapanga makaa juu ya kifuniko. Wageni walikuwepo barazani, wale wale. Sinia likaja limejaa kama kilima. Bakuli la watoto likaja. Na safari hii ikaja na sahani moja ndogo ya udongo ambayo hakuna aliyewahi kuiona, ina wali mweupe, laini. Mama Tumpe akakaa nayo pale pale mbele ya watu, akanawa, akala.

Baba Tumpe aliitwa jikoni. Alikuta kibao kimewekwa karibu na jiko, na sufuria juu ya mafiga, na kijiko ndani yake. Akainama, akaingia, moshi ukamchoma macho. Na ikawa hivyo jioni hiyo, na jioni zilizofuata, mpaka mtungi ulipofika tena shingoni. Jino lake moja la nyuma lilivunjikia humo humo, kwenye ukoko.

Jioni ile ya kwanza wageni wakasikiliza, wakatazamana. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Mwenyeji wetu yuko wapi?" mmoja akauliza. "Leo hali?"

Mtoto wao mdogo kuliko wote akalamba vidole, akajibu bila hata kuinua macho:

"Anakula jikoni. Baba anapenda ukoko."